Bendera ya viboksi ishirini: kuwafunza watoto wa Pwani alama za taifa kwa kazi za mikono

Kila inapokaribia Madaraka au Mashujaa, watoto wetu hurudi nyumbani na kazi ileile: kesho lete bendera ya Kenya. Saa mbili za usiku mzazi huwa dukani akiulizia karatasi ya manila, gundi na rangi, na akikuta duka la mtaani limebaki na rangi nyekundu peke yake huanza safari ya kwenda la pili. Asubuhi mtoto huingia darasani na bendera nzuri iliyotengenezwa na mamake. Mwalimu hutia tiki, bendera hutundikwa ukutani, na baada ya wiki mbili haijulikani ilikokwenda. Muulize mtoto yule kwa nini pana mstari mweupe kati ya weusi na wekundu, atakutazama tu.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchini kote mwaka 2019, kazi za namna hii zimeongezeka. Mimi si katika wanaoulaani mtaala huo. Wazo lake la kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda ni zuri, na wazee wetu walilijua kabla ya wizara yoyote: hakuna aliyefunzwa kusuka ukili kwa kuandikiwa ubaoni. Lakini palipoharibika ni hapa, kwamba kazi ya mtoto imekuwa kazi ya mama, na gharama imekuwa ya mama pia. Makala haya nawaandikia wazazi, walimu wa chekechea na maalim wa chuoni wanaotaka mtoto mwenyewe atie mikono, kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, na akimaliza awe anajua alichokitengeneza.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inataja alama za taifa kuwa nne: bendera, wimbo wa taifa, nembo ya taifa na muhuri wa umma. Kifungu hichohicho ndicho kinachotaja siku za taifa, yaani Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Disemba. Mchoro wa bendera na wa nembo umo katika Jedwali la Pili la Katiba. Mwalimu asiye na kitabu cha kiada anaweza kuchapisha ukurasa huo tu, na ndio mchoro sahihi kuliko nyingi zinazouzwa barabarani.

Nianze na bendera kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi huchora mikanda mitano ya upana sawa, au hutia mistari meupe kwa kukisia. Vipimo vyake ni rahisi mno kwa mtoto. Bendera ikiwa na urefu wa sehemu 20 kwenda juu, upana wake ni sehemu 30. Katika zile sehemu 20, weusi huchukua 6, weupe 1, wekundu 6, weupe 1, na kijani 6. Basi chukua daftari la hesabu la viboksi, lile lililokuwa chini ya kitanda tangu muhula uliopita, mwambie mtoto ahesabu viboksi 30 kwenda kando na 20 kwenda chini. Apige mstari wa pambizo kwa rula, kisha ahesabu sita, moja, sita, moja, sita. Ajumlishe mwenyewe aone kama zatimia ishirini. Mtoto wa Gredi ya pili ana kila anachohitaji kwa kazi hiyo, na hapo hesabu na elimu ya jamii zimekaa katika ukurasa mmoja bila kununua chochote.

Wakitaka kubwa zaidi, tumieni sentimita badala ya viboksi: 20 kwa 30. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia inakaribia sana, ila upana wake unapungua milimita tatu kufika thelathini, na hizo hazimuumizi mtu. Mimi napenda kubandika kuliko kupaka. Mtoto anayepaka rangi hujaza nafasi tu. Anayekata vipande na kuvipanga analazimika kuamua kipi kiwe juu, na hapo ndipo wengine hugundua kwamba walikuwa wakiweka kijani juu siku zote. Vipande vyenyewe vyapatikana kwa fundi cherehani. Kila fundi ana mfuko wa mabaki ya vitambaa anaousubiri kuutupa, na kanga kuukuu ya kisutu itatoa nyekundu, nyeupe na nyeusi kwa mpigo mmoja. Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa ngano hushika karatasi na kitambaa vizuri, ila ukaushwe vyema, la sivyo sisimizi watakuja kuhudhuria somo.

Ngao na mikuki huja mwisho, na hapa utaratibu wa kubandika ndio somo lenyewe. Mikuki miwili, ambayo ni meupe, hubandikwa kwanza ikiwa imepishana. Ngao hubandikwa juu yake. Mtoto akianza na ngao, mikuki itakuwa mbele, na ndivyo ilivyo kwenye bendera nyingi mbovu. Ngao ni ya Kimaasai, yenye wekundu katikati, weusi ubavuni na alama nyeupe. Haikai ndani ya ukanda mwekundu peke yake, bali hupita ikaingia kwenye weusi na kijani. Ngao na mikuki humaanisha kuulinda uhuru na mali zote zilizotajwa na rangi.

Rangi zenyewe kila mtoto ameshakariri: weusi ni watu, wekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na neema yake, weupe ni amani. Walakini kukariri hakutoshi, na kuna hadithi nyuma ya ule mstari mweupe ambayo mtoto wa Pwani anastahili kuisikia. Weusi, wekundu na kijani zilitoka katika bendera ya chama cha KANU. Weupe ulikuwa katika rangi za chama cha upinzani, KADU, ambacho rais wake alikuwa Ronald Ngala, mwana wa Kilifi. Vyama hivyo viwili viligombana sana kuhusu majimbo na madaraka ya mikoa. Kwa hiyo mtoto anapobandika kile kipande chembamba cha kiboksi kimoja, mwambie kwamba bendera iliyoanza kupepea tarehe 12 Disemba 1963 ina kipande kinachokumbusha walioshindwa katika uchaguzi, na kwamba kiongozi wao alikuwa wa kwetu. Nimeona watoto wakiukata ule mstari kwa uangalifu zaidi baada ya kusikia hayo.

Tukiwa bado kwenye bendera, niligusie swali ambalo huja kila mara na ambalo walimu wengi hulikimbia. Katika darasa moja la likizo kijana wa miaka tisa aliniuliza, "Ami, mbona bahari haiko?" Swali zuri. Bendera haina bahari. Haina mnazi wala jahazi. Ngao ni ya Wamaasai na mlima ulio kwenye nembo ni wa Kirinyaga. Mtoto anayeishi hatua mia kutoka majini anaangalia alama za nchi yake haoni kitu cha kwao, na akikua kidogo atasikia barazani wazee wakilalamika, atasikia ile kauli ya "Pwani si Kenya", na atasikia jinsi vijana wa miaka kumi na minane walivyokuwa wakiambiwa walete vyeti vya babu zao kabla ya kupewa kitambulisho. Tukimfundisha bendera kama wimbo wa kukariri, haya yote yatamkuta hana jibu.

Jibu langu ni kumwambia ukweli, na ukweli huo pia hutengenezeka kwa mikono. Chukueni kamba ya kuanikia nguo, muifunge ukutani, muwe na vibanio vichache. Kibanio cha kwanza kishike karatasi nyekundu tupu. Hiyo ndiyo bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa ikipepea Fort Jesus mjini Mombasa hata wakati wa Mwingereza, kwa sababu ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa milki ya Sultani, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa 1895. Ndiyo sababu nchi iliitwa Koloni na Himaya: bara lilikuwa koloni, Mwambao ulikuwa himaya. Kibanio cha pili kishike barua ndogo, mtoto aikunje mwenyewe na kuiandika Oktoba 1963. Mwezi huo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walibadilishana barua zilizoukabidhi Mwambao kwa Kenya, na ndani yake zikawekwa ahadi: uhuru wa ibada, mamlaka ya makadhi, hati za ardhi zilizokuwapo kuheshimiwa, na mengineyo. Kibanio cha tatu ndicho kishike bendera ya viboksi ishirini.

Kazi hii haichukui zaidi ya nusu saa, na hakuna kitabu cha shule nilichokiona chenye kuifanya. Wako watakaosema twachochea. Mimi naona kinyume. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya leo, kifungu cha 170, na zina mizizi katika barua zile. Mtoto anayejua hivyo anajua kwamba kuna kitu chake ndani ya nchi hii kilichoandikwa na kutiwa saini. Asiyejua ataamini yeyote atakayemwambia kwamba hana chake.

Sasa nembo. Hapa wengi hushindwa kwa sababu mchoro una mambo mengi: simba wawili wenye mikuki, ngao katikati, jogoo mwenye shoka, mlima chini yake, mazao, na utepe wenye neno Harambee. Mtoto mdogo hawezi kuchora hayo yote, na hana haja. Mpe sarafu. Sarafu mpya zilizotolewa Disemba 2018 zina nembo upande mmoja na mnyama upande wa pili: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Weka sarafu chini ya karatasi nyembamba, mtoto asugue juu yake kwa upande wa ncha ya penseli, taratibu, na nembo itajitokeza kama mchezo wa kiinimacho. Shilingi ishirini ndiyo nzuri zaidi kwa kuwa ni kubwa. Mwambie pia kwa nini hakuna kichwa cha rais kama kwenye sarafu za zamani: Katiba, kifungu cha 231, imekataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu.

Akishaipata hiyo, mpe kazi ya mazao. Kwenye mlima mmechorwa kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana haihitaji penseli. Kata boksi la sabuni liwe umbo la mlima, mpe mtoto gundi, mtume jikoni. Buni za kahawa zitapatikana kwa mchomaji kahawa. Majani ya chai yamo kabatini. Mahindi makavu yapo. Katani ni uzi wa kamba, na wenzetu wa Kilifi hawahitaji kwenda mbali kwani mashamba ya Vipingo yako kando ya barabara kuu. Nanasi ni kipande cha ganda lililoanikwa juani siku mbili. Tatizo ni pareto, ambayo huku haioti. Ni ua la nyanda za juu, na ndani yake hutolewa dawa ya kuua wadudu. Kipande cha ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyosokotwa kama konokono, hukaa vizuri mahali pake, japo nyingi ya siku hizi hutiwa kemikali za kiwandani zilizoigwa kutokana na pareto.

Wakibandika, waulize: kipi kati ya hivi hulimwa kwetu, na kipi tunakitumia bila kukilima? Hapo utasikia mazungumzo. Kahawa hailimwi Mombasa, lakini hakuna baraza la Mombasa lisilo na dele la kahawa chungu, na tulikuwa tukiinywa kahawa kwa vikombe vidogo kabla ya wengi wa wanaoilima kuwa na desturi hiyo. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini nazi haikuwekwa. Nikamwambia aibandike pembeni, nje ya mlima, na aandike chini yake: yetu.

Jogoo naye hukosewa rangi. Watoto humpaka wekundu na manjano kama jogoo wa uani. Kwenye nembo jogoo ni mweupe, na shoka lake jeupe, amelishika kwa mguu wake wa kulia, akiwa kwenye ukanda mwekundu wa ngao ambayo juu ni nyeusi na chini ni kijani, yaani mpangilio uleule wa bendera. Hufunzwa kwamba ni dalili ya mapambazuko na maisha mapya. Wazee watakwambia pia kwamba jogoo alikuwa alama ya KANU, nao hawasemi uongo.

Hapa pana suala letu sisi Waislamu ambalo vitabu vya shule havilitaji, na mzazi mwenye kushika dini huwa nalo moyoni hata asipolisema. Simba na jogoo ni viumbe wenye roho. Je, mtoto aviunde? Najua nyumba ambazo kazi ya nembo ilirudishwa shuleni bila kufanywa kwa sababu hiyo, na mtoto akakosa alama huku hakuna aliyemweleza mwalimu sababu. Wanazuoni wana maelezo marefu kuhusu kuchora na kufinyanga sura, na mimi si mufti. Ninachojua ni kwamba katika Sahihi al-Bukhari imepokewa kuwa Ibn Abbas alimwelekeza mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa picha achore miti na visivyo na roho, na pia imepokewa kuwa Bi Aisha alikuwa na vitoto vya kuchezea na Mtume (S.A.W.) hakumkataza, na kwa hilo wengi wamelegeza kuhusu michezo ya watoto. Muulize maalim wako.

Kwa upande wangu, njia ninayoifuata haimgombanishi mtu. Mtoto anaunda kwa mikono ngao, shoka, mikuki, mlima, mazao na utepe wa Harambee. Simba na jogoo anawapata kwa kusugua sarafu, ambayo baba yake anayo mfukoni hata akiwa kwenye safu ya swala. Mwalimu asiye Mwislamu akielezwa hivi huelewa mara moja. Nimeshuhudia hilo zaidi ya shule moja. Kinachohitajika ni mzazi kusema mapema, si kunyamaza kisha kununa.

Na hilo neno kwenye utepe, Harambee, lisipite hivihivi. Siasa zilikuja kulichukua, ikawa ni michango ya shule na zahanati, na baadaye ikawa majukwaa ya wanasiasa kuonyesha mabunda ya noti. Lakini neno lilikuwapo kabla, ni wito wa watu wanaovuta kitu kizito pamoja. Mlifunze kwa kamba. Fungeni gunia la mchanga, mtoto mmoja alivute, ashindwe. Kisha kumi walivute kila mmoja kwa wakati wake, washindwe pia. Kisha mmoja aite na wote waitikie kwa kuvuta mara moja. Gunia litasogea. Wanaoishi karibu na forodha wanaweza kwenda kuangalia mashua ikivutwa pwani, wakaokoa na gunia.

Muhuri wa umma nitaupita haraka, kwa kuwa mtoto hauoni popote na hata watu wazima wengi hawajauona. Inatosha ajue kazi ya muhuri, kwamba karatasi bila muhuri ni maneno na yenye muhuri ni amri. Kateni kipande cha mhogo mbichi, mchonge alama upande mmoja kwa ncha ya kijiko (kisu ashike mtu mzima), mpake wino au rangi ya chakula, mpige kwenye karatasi. Watagundua wenyewe kwamba herufi hutoka kinyumenyume, na watacheka. Alama wachague yao, si nembo ya serikali. Mihuri ya kuigiza ya serikali ina kesi zake, na hatutaki kuzianzisha chekechea.

Wimbo wa taifa hauna karatasi, lakini ndio ulio wetu kuliko alama zote, na ajabu ni kwamba watoto wengi wa Mombasa hawalijui hilo. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Tana River, wimbo wa mama anayembembeleza mtoto alale. Mzee Meza Morowa Galana ndiye anayetajwa kuwa aliutoa. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ilitengeneza wimbo wa taifa kutokana na sauti ile: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, ambaye ni wa hukuhuku Pwani na baadaye akawa mbunge wa Malindi Kaskazini. Maneno yake ni ya Kiswahili, tena ni dua. Bahari haiko kwenye bendera, lakini kila mara nchi hii inaposimama wima, hata ikiwa ni mkimbiaji wa Bonde la Ufa aliyepanda jukwaa la Olimpiki, husimama kwa sauti ya mama wa Kipokomo.

Kazi ya mikono ya kuambatana na hili ni kayamba. Mabua au matete membamba yaliyokauka, yafungwe kwa uzi kama jamvi, tabaka mbili zenye nafasi katikati, ndani mtie mbegu za turuturu au choroko, mzibe pembeni. Mijikenda hawahitaji kufunzwa hili na mimi. Likishatikisika vizuri, mpate mama au nyanya wa Kipokomo, na Mombasa wamejaa, awaimbie watoto wimbo wa kubembeleza kwa lugha yake kwanza. Msiwaambie kitu. Subirini hadi mmoja aseme, "Huu naujua!"

Neno kuhusu sheria, kwa kuwa wazazi huuliza. Iko Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, na inakataza kuidharau bendera au kutumia nembo kwa biashara bila idhini. Mtoto anayetengeneza bendera nyumbani au darasani havunji kitu. Kikundi cha kina mama kitakachotaka kuuza mikeka au vikapu vyenye nembo ya taifa kiulize kwanza. Rangi tatu bila nembo ni jambo jingine, na ushanga wa rangi hizo umejaa kila soko. La adabu ni kwamba bendera haiburuzwi chini. Wengi wetu tulifunzwa kusimama kimya saa kumi na mbili jioni inaposhushwa kituoni, na watoto wa leo wakipelekwa kuangalia mara moja watauliza maswali ya wiki nzima. Vibendera vya karatasi baada ya sherehe hutapakaa mitaroni. Mwenye kutengeneza chake mwenyewe, nimeona, hakitupi.

Walimu wa Lamu wana kitu cha ziada ambacho sisi wengine twawaonea wivu. Katika makumbusho ya Lamu zimo siwa mbili, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, kila moja ndefu kuliko mtoto wa miaka kumi. Siwa zilikuwa alama za dola kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kufika: aliyekuwa na siwa ndiye aliyekuwa na enzi, na ilipopulizwa watu walijua kuna jambo. Wapelekeni watoto wakaitazame, kisha waunde yao kwa magazeti yaliyokunjwa kwenye mrija na kupakwa uji wa ngano tabaka kwa tabaka. Ikikauka hupulizika, na majirani wavumilie. Mtoto akishika siwa mkono mmoja na bendera mkono wa pili ataelewa alama ya taifa ni kitu gani bila hotuba: ni kitu ambacho watu wamekubaliana kukiheshimu, na makubaliano huanza na huweza kubadilika.

Siwezi kuacha kuwataja Wamakonde wa Kwale. Walikuja kufanya kazi mashambani wakati wa ukoloni, mikono yao ikajulikana kwa kuchonga, wakazaa na kuzikana hapa, na hawakuwa na hati yoyote ya nchi yenye ile ngao na simba. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka huohuo wakaanza kupewa vitambulisho. Mtoto akiuliza nembo ina faida gani, mweleze habari hiyo. Kwa aliyezaliwa nayo ni picha kwenye sarafu. Kwa aliyeikosa ilikuwa ni mtoto kutosajiliwa mtihani, simu kutosajiliwa laini, shamba kutoandikwa jina.

Mwisho ni ukili, kwa wenye subira. Jamhuri huangukia likizo, watoto wako nyumbani, na hiyo ndiyo nafasi. Kila mtaa wetu una bibi anayesuka. Anunuliwe miaa, na rangi ile ya unga inayopimwa kwa kijiko dukani, nyeusi, nyekundu na kijani. Miaa ya weupe haitiwi rangi, huachwa ilivyo. Watoto wakubwa wachemshe, mtu mzima akiwa karibu na sufuria, waanike kivulini. Bibi awaanzishie, wao wasuke shupatu nyembamba kiasi wanavyoweza, kisha zishonwe pamoja kwa kufuata ileile sita, moja, sita, moja, sita: shupatu sita za weusi, moja ya weupe, na kuendelea. Ngao si lazima, mkeka wa rangi peke yake watosha. Kundi la watoto wanane huumaliza kwa siku kumi hivi wakisuka baada ya Alasiri, na katika siku hizo kumi bibi atakuwa amewaeleza alikuwa wapi siku bendera nyekundu iliposhushwa, au mamake alikuwa wapi. Rangi nyeusi ndiyo huisha upesi, kwa kuwa miaa haishiki weusi kwa mchemsho mmoja. Nunueni vijiko viwili.